Palizi Ndani ya Kioo

Mwenye gesti alinitafuta kwa sababu mbili: nilijua kutengeneza matangi ya samaki, na utotoni nilichunga mbuzi kijijini kwao, Mlali. Kazi ya matangi nilijifunza Dar es Salaam, nikazunguka nayo Arusha hadi Lusaka, maana mimi mahali pakishanizoea nahama. Dodoma nilikuwa nimerudi kupumzika tu.

Alitaka tangi kubwa mapokezi, refu kuliko kitanda, na ndani yake kilima cha Mlali. Halikuwa kwa ajili ya wageni. Mama yake aliishi kule peke yake, alikuwa ameteleza kisimani akaumia nyonga, na kila akiletwa mjini hamalizi wiki, anataka kurudi. Alisema mjini macho yake hayana pa kutua. Basi mwanawe akaona dawa ni kumletea kilima.

Niliifanya kazi ile kama mtu anayejenga kwao. Mawe niliyatoa kilimani kwenyewe, nikapanga makubwa mbele na madogo nyuma ili kilima kionekane kiko mbali. Mizizi mikavu ikawa miti. Chini nikapanda nyasi fupi za majini, zile zinazotambaa kama zulia, nikasubiri zikolee ndipo nikatia samaki. Ilipokamilika nilikaa kwenye kiti cha mapokezi, nikasikia kabisa harufu ya mbuzi.

Mama aliletwa asubuhi. Nikampa shikamoo, akaitikia huku macho yakiwa kwenye kioo. Kilima alikitambua mara moja, na njia ya kisimani akaionyesha kwa kidole. Kisha akataka kujua samaki wale wamepewa ruhusa na nani kupita juu ya kaburi la mumewe. Nikalihamisha kaburi, kwa maneno tu, nyuma ya jiwe la kushoto, ambako samaki hawapendi kwenda. Akaridhika. Halafu akainama zaidi, uso ukabadilika.

"Shamba la nani hili?"

Mwanawe akajibu kwamba ni letu, mama.

"Limekushinda palizi, na bado umeliweka mlangoni watu walione?"

Kwetu uwanja hufagiliwa mpaka udongo ung'ae, na shamba lenye majani ni aibu inayozungumzwa kilabuni. Nilijaribu kumweleza kwamba majani yale ndiyo kazi yenyewe, kwamba kuna watu huyaagiza. Akanitazama kama anayemtazama mtu aliyeuziwa magugu. Akauliza niliondoka Mlali majira gani. Nikakumbuka kuwa ilikuwa masika. Kumbe nilikuwa nimejenga kilima cha kijani nilichokiaga, na yeye alikuwa ametoka kwenye kile cha kiangazi, cha vumbi.

Kesho yake watumishi wa Bunge waliokuja kuchukua funguo za vyumba walimkuta amepanda kistuli, kitenge amekikaza kiunoni, mkono umezama hadi begani, anang'oa. Vitita vya nyasi vilikuwa vinaelea. Kona yote ya kulia ilikuwa imeshakuwa mchanga mtupu, kwa mistari iliyonyooka. Akaniomba jembe la mpini mfupi. Kwa kuhofia kioo, nikampa kibano changu kirefu cha kupandia, akakisifia kuwa ni chepesi. Bwana mmoja mwenye tai alimwamkia, akaambiwa ashike ndoo ya magugu. Akashika.

Nilijua nimefukuzwa kazi. Jioni mwenye gesti akanivuta pembeni, akasema mama amegoma kupanda gari la kurudi Mlali. Hawezi kuondoka akaacha palizi nusu. Akimaliza, ndipo atarudi kwake. Sasa alitaka kujua nyasi zile hurudi upesi kiasi gani. Nikamwambia inategemea taa na mbolea. Taa ikipunguzwa, nyasi hulala.

"Ongeza taa," akasema.

Tangu hapo yeye anang'oa, mimi naotesha nyuma yake. Nje vumbi la Dodoma linapiga madirisha, ndani mama analalamika kwamba hajapata kuona masika yasiyokatika namna hii, na kwamba mwanawe angeangamia kama yeye asingekuja. Nyonga haimuumi tena, au hana nafasi ya kuisikia.

Juzi nilishuka na begi kutoka chumba nilichopewa ghorofani. Kuna tajiri Mbeya anataka tangi, na miguu ilikuwa imeanza kuniwasha. Mama alikuwa juu ya kistuli, hakugeuka hata kidogo.

"Fundi, unakwenda wapi na kona hii imeota tena?"

Nikaliweka begi nyuma ya kaunta. Ndoo ilikuwa imejaa.