Sauti Mpya ya Thelma Ogden

Thelma Ogden alizaliwa Rochdale, kaskazini mwa Uingereza, kwenye viwanda vya pamba, ambako watu hupayuka kwa sababu mashine zimewaziba masikio. Mwaka mmoja baada ya Vita Kuu ya Pili alishinda shindano la urembo Blackpool, na studio moja ya filamu nje ya London ikampa mkataba. Mimi nilikuwa nikiwapamba waigizaji uso hapo studio. Alinifikia na sanduku la kadibodi, akicheka mpaka watu wakageuka kwenye korido.

"Hilo jina tupa kule," alisema Bwana Pargeter, bosi wetu. "Na hiyo lafudhi pia. Akifungua mdomo nasikia harufu ya chipsi na siki."

Akawa Celia Marchbourne. Mwalimu wa matamshi alimrudisha kwenye neno lile lile mpaka machozi yakamtoka. Mwishowe akaongea kama binti wa kabaila, na akakatazwa kuiacha sauti hiyo hata akiwa bafuni.

Mama yake alikuja kumwona, amevaa koti lake la kanisani.

"We Thelma, unaongea na nani?"

"Naongea nawe, Mama."

"Basi huyo mwanamke mwingine mwambie atoke nje."

Tulicheka sote, mama mwenyewe pia. Lakini hakuja tena.

Kwenye filamu alikuwa mke aliyeachwa, dada wa shujaa, muuguzi anayekufa kabla picha haijafika katikati. "Uzuri wako ni wa pembeni, mpenzi," Pargeter alimwambia, akidhani anamsifu. Mkataba ulipokwisha hakuna aliyemweleza. Alijua pale mlinzi aliyezoea kumsalimia kila asubuhi alipokataa kufungua geti.

Miaka ikapita, simu kimya. Halafu mitindo ikageuka: sasa wakubwa walitaka filamu za wafanyakazi wa kaskazini, na mwongozaji mmoja alikuwa akitafuta wa kuigiza mwanamke wa kiwanda cha pamba. Thelma alinipigia simu huku anapiga mayowe.

"Hilda, wananitafuta mimi! Mimi hasa!"

Nilimsindikiza kwenye majaribio. Alijifuta rangi yote, akafunga kitambaa kichwani kama zamani kiwandani, akasimama mbele ya mwongozaji, kijana mwenye sweta. Akafungua mdomo. Lafudhi ya kwao haikuja. Kilichotoka kilikuwa kama bibi tajiri anayewaigiza watumishi wake kwenye sherehe ya Krismasi. Akaomba kurudia. Akaomba tena.

"Asante sana, dada," kijana alisema kwa upole. "Tunatafuta mtu wa kule kwelikweli."

"Mimi ni wa kule! Nimezaliwa Rochdale!"

"Ndiyo. Wengi wanatuambia hivyo."

Kwenye treni midomo yake haikutulia. Alijaribu matusi ya baba yake, alijaribu jinsi mama alivyomwita kula. Yote yalitoka yamepigwa pasi.

"Imekwenda wapi, Hilda?"



Mama yake alifariki majira yale ya baridi. Kwenye mazishi shangazi zake walimwita "bibiye", wakamkalisha kwenye kiti kizuri na kumpa kikombe cha wageni. Alipoinuka kuosha vyombo wakamzuia.

Baadaye alipata kazi ya kuendesha lifti katika duka kubwa Croydon. "Ghorofa ya pili: mapazia, mazulia, vyombo vya kaure." Wateja waliisifu sauti yake, na mmoja aliwahi kumuuliza kama ni wa familia ya kitajiri iliyofilisika. Kisha zikaja lifti ambazo mteja hubonyeza mwenyewe, akaachishwa kazi.

Jumapili nilikuwa nikimpelekea supu kwenye chumba chake cha kupanga. Alivuta sigara, akanywa pombe ya jini, akaongea kidogo zaidi kila mwaka. Mwishowe alikuwa ananyooshea chumvi kidole tu.

Mapafu ndiyo yaliyomuua, mwezi wa Februari, katika wodi ya watu wengi. Muuguzi alivuta pazia, akaniuliza ni ndugu gani wapigiwe simu. Nikamwambia shangazi zake wote wamekwisha kufa, hakuna wa kupigiwa. Akanikabidhi miwani ya Thelma na viatu vyake.