Gari la Mzee lililotembea siku ya msiba tu

Wakuu, salaam kwenu. Nimechoka kukaa nalo hili peke yangu. Naliweka hapa kama lilivyotokea, sijaongeza chumvi.

Marehemu baba alikuwa muosha magari kwenye mashamba ya miwa. Bosi wake mmoja, Mzungu, alikuwa na sports car ya Kiingereza. Viti viwili, paa la turubai, rangi ya kijani.

Mzee aliliosha kila asubuhi, lakini hakuruhusiwa hata kulirudisha nyuma.

Bosi alipoondoka kwenda kwao, gari lilikuwa limeshakufa injini, akamwachia. Likaja kwa lori mpaka kwetu Katindiuka, Ifakara, likafunikwa turubai.

Mimi ni mtu wa kuzunguka. Tunduma, Kahama, Mwanza, popote sikai. Niliporudi nyumbani na mvi zangu nikakuta Mzee anatembelea mkongojo, na kuku wanataga kwenye kiti cha dereva.

Akaniambia, "Nataka niliendeshe mwenyewe mpaka Mofu, nilikozaliwa. Ukiweza, basi."

Hobby yangu ikaanzia hapo.

Wakuu, hii kazi inachosha. Kutu ya bondeni kwetu unagusa bati, kidole kinapita. Spea Ifakara hakuna, Morogoro hakuna, Dar wanakuuliza, "Kaka, hilo ni gari kweli?" Ukiagiza nje, kinakuja kitu kingine. Kabureta zake ni mbili na lazima zivute sawasawa. Ukipata moja nzima, ya pili imepasuka.

Fundi wangu Chogo alichoka kabla yangu. Siku moja akaja na injini ya Kijapani.

"Kaka, tuitupie hii. Jumapili Mzee yuko Mofu anakula kambale."

Mzee alisikia kutoka barazani. "Chogo mwanangu, rudisha ulikoitoa. Nataka gari lile lile nililoosha. Na usilishike kwa mikono ya mafuta, hilo si trekta!"

Hilo la mikono ya mafuta alimwambia kila mtu, mpaka padri.

Tukaendelea kusubiri. Mzee akawa anauliza kutoka kitandani, "Limewaka?" Bado, baba. "Haya."

Baadaye akaacha kuuliza. Hapo ndipo nilipoumia zaidi.

Alifariki gari limeshapakwa rangi, linang'aa, na halijawaka hata mara moja.

Kwa msiojua, kwetu Wapogoro msibani mtani ana ruhusa ya kuvaa nguo za marehemu na kumuigiza, na hakuna wa kukasirika. Mtani wetu ni Mama Otilia, Mngoni. Tunajiandaa kwenda makaburini, huyo anatoka ndani na kofia ya pama ya Mzee, gambuti zake, tambara la kuoshea begani, anachechemea na mkongojo.

Akaenda moja kwa moja kwenye gari. Akamtazama Chogo. "Mikono ya mafuta hiyo! Toa!"

Watu wakacheka huku wanalia.

Akaketi kwenye usukani. "Nyie Wapogoro, mtu wenu kaosha gari mpaka kazeeka, hata honi hajapiga. Sukumeni twende!"

Chogo akasema, "Mama, halina mafuta."

"Lina Wapogoro. Sukumeni!"

Tukasukuma. Jeneza mbele mabegani, gari nyuma yake, kwenye tope jeusi, Mama Otilia anakata kona na kuunguruma kwa mdomo, "Tunapita Mofu hapa! Shikamooni!" Mama yangu akainua mkono akampungia. "Nenda salama, baba Fide."

Fide ni mimi.

Baada ya arobaini Chogo akaja na swali lake. "Kaka, sasa tuweke ile ya Kijapani?" Nikamwambia aiache. Aliyekuwa na haraka nalo ameshaliendesha.

Nilichojifunza ni kwamba gari la zamani linasubiri, mwenye hamu nalo hasubiri. Kama unamtengenezea mzazi, mkalishe kwenye usukani leo, hata kwa kusukumwa.

Tope la gambuti bado lipo chini ya pedali. Sijaliosha. Wenye magari ya hivi, nyie mmefikia wapi? Na mwenye kabureta ya upande wa kushoto aseme, bado naitafuta.