Siku Tuliyompindua Babu

Kifuniko cha sufuria kikianguka kwenye sakafu ya saruji hulia kwanza kwa hasira, kisha huzunguka kikinung'unika mpaka kinyamaze. Nikiisikia sauti hiyo, hata leo nikiwa jikoni kwangu, narudi Majengo, pale Mpanda, kwenye baraza ya nyumba yetu, mchana ule tuliompindua Babu.

Babu alikuwa baba yake mama. Aliuza vitenge miaka mingi kwenye duka la jirani na nyumba, kisha akaanza kusahau, kwanza majina ya wateja, mwishowe hata njia ya kwenda msikitini. Mama akalichukua duka, Babu akabaki na kiti cha barazani. Siku moja aliniuliza, "Mke wangu, hapa anatawala nani?" Ndivyo babu wa kwetu wanavyotutania wajukuu wa kike. Nami nikamtania, "Wewe, Babu. Wewe ndiye mfalme." Akanyoosha mgongo, akaweka kofia sawa, na tangu hapo tukawa raia.

Niwaambieni ukweli, alikuwa mfalme mbovu. Alipiga marufuku kuku kupita barazani, halafu akanigombeza kwa kufukuza kuku wa watu. Mdogo wangu Idi, wa miaka mitano, alifanywa waziri wa maji, na alipoyaleta maji akafungwa jela nyuma ya gunia la mkaa. Binamu yangu Salma alitumwa kumwita fundi viatu aliyefariki kabla hatujazaliwa. Kilichotushinda kabisa ni kodi ya karanga. Kila raia alilipa kiganja kimoja. Babu alizila zote, akajifuta midomo, akauliza kwa nini watu wa nchi hii hawalipi kodi.

Salma alikuwa darasa la tano na alishasikia habari za mapinduzi redioni. Akasema imetosha. Mama akiwa dukani, tulichukua vifuniko vitatu jikoni, tukaizunguka nyumba tukivigonga. Salma akasimama mbele ya kiti na kusoma mashtaka kutoka kwenye daftari lake la hesabu, akamalizia, "Kuanzia leo wewe si mfalme tena."

Tulitegemea atatufunga wote jela. Babu alisimama taratibu, akavua kofia, akamkabidhi Idi kwa mikono miwili. Kifuniko kikamponyoka Idi, kikalia pale chini.

"Sawa," Babu alisema. "Basi niruhusuni niende nyumbani. Mama yangu atakuwa ananitafuta."

Akashuka ngazi na kiatu kimoja mguuni, akashika barabara ya Nsemulwa.

Tukamfuata. Nilimshika mkono, akautoa kwa upole. Salma akamwambia mapinduzi yamefutwa. "Rudi, Babu. Bado wewe ni mfalme wetu."

"Mfalme gani?" aliuliza. "Nyie ni watoto wazuri, lakini siwajui."

Idi akaanza kulia, kofia imemfunika mpaka puani. Mimi nikakimbilia dukani.

Mama alikuja na mkasi bado mkononi. Hakumvuta, wala hakumsahihisha. "Shikamoo, baba. Unaenda wapi?"

"Marahaba. Naenda nyumbani."

"Hata mimi naelekea huko huko. Twende wote."

Wakatembea, wakapita sokoni, wakapita msikitini, sisi nyuma yao, jua likituchoma visogo, mpaka tukatokea upande wa pili wa nyumba yetu. Babu alipokiona kiti aliketi, akaomba maji.

Nilimwomba mama msamaha, nikamweleza kwamba sisi ndio tuliomtoa madarakani. Alicheka kidogo, akakaa kwenye ngazi, akajifunika uso kwa mtandio. Nilidhani bado anacheka.

Kwa miaka mingi niliamini mama aliijua njia ya kumrudisha Babu, na kwamba siku ile tulioshindwa ni sisi watoto tu. Nimekuwa mtu mzima ndipo nikaelewa kuwa hakuwa na njia yoyote. Alikuwa anatembea naye mpaka achoke.