Msomaji wa Lebo na Dumu Lisilo na Lebo

Alhamisi iliyopita tulimzika mtu wa Singida kwenye makaburi ya Rhotia, kwa sababu kwao ni mbali na ndugu waliowahi kufika walikuwa wawili tu. Ninyi mnaonisoma hapa mmezoea nianze kwa kugombana na mtu kuhusu bomba la maji au vumbi la barabara. Leo naanza na msiba, na naanza na ukweli wenyewe kabla hamjaupata kwa majirani zangu: maji yaliyomuua marehemu aliyanywa nyumbani kwangu, kwenye kikombe nilichomshikisha kwa mkono wangu. Sikujua. Lakini kutojua kwangu hakukudondoka kutoka mbinguni, kuna watu waliokutengeneza, na ndiyo maana naandika nikiwa na hasira wakati wenzangu bado wanalia.

Alikuwa kibarua kwenye shamba moja la kahawa huko juu, karibu na msitu wa hifadhi, kwenye kikosi cha wapiga dawa. Elimu yake ilikuwa darasa la saba. Miwani yake ilikuwa na mguu mmoja, upande wa pili ameufunga kwa kipande cha mpira wa baiskeli. Alikuwa na kamusi ya Kiingereza isiyo na jalada, imeanzia katikati ya herufi A, na kaunta buku alilokuwa akiandikia maneno kwa kalamu ya risasi. Wenzake walimwita Bwana Kamusi, na msidhani ilikuwa sifa. Alikuwa msumbufu yule mzee. Kijana akijitapa kwamba Kiingereza anakijua, yeye anamvuta pembeni na kumuuliza neno dogo kabisa, halafu anamsubiri akwame. Alikuwa akisema maneno marefu hayaui mtu, maana ukikutana nalo unaogopa na kuuliza. Yanayoua ni mafupi, yale unayodhani uliyamaliza shule ya msingi. Kwenye kaunta buku lake neno "run" lilikuwa na ukurasa mzima: mtu anakimbia, maji yanatiririka, injini inawaka, pua inatoa kamasi, diwani anagombea. Neno "well" aliliandikia kisima, vizuri, mzima wa afya, na "haya basi." Vijana walipoona kwenye lebo ya dawa imeandikwa "shake well", yaani itikise vizuri, walicheka hadi wakakaa chini, wakawa wanaambiana asubuhi, "Kaka, umeshatikisa kisima?" Naye alicheka. Halafu aliwaambia, "Chekeni, lakini huyo aliyetikisa kisima jana hakutikisa dumu, ndiyo maana leo dawa yote imebaki chini, nanyi mtaichota kwa vidole."

Alikuwa na utaratibu wake. Kila asubuhi kabla ya kuchanganya dawa alisimama kwenye ndoo iliyopinduliwa akasoma lebo nzima, mstari kwa mstari, kwa Kiingereza kisha kwa Kiswahili. Akimaliza, kila mpiga dawa alitakiwa kuyarudisha maneno yale kwa lugha ya kwao: Mgogo kwa Kigogo, Mwiraqw kwa Kiiraqw, Mnyaturu mwenzake kwa Kinyaturu. Kigogo hakukijua, na Kiiraqw alijua salamu tu na matusi mawili. Nilipomuuliza anawezaje kumsahihisha mtu kwa lugha asiyoielewa, alinijibu kwamba hasikilizi maneno, anatazama uso. Kwa Kiswahili tumezoea kusema "ndiyo, nimeelewa" ili bosi aondoke. Kwa lugha ya mama yako huwezi kusema kitu usichokielewa bila kukwama, na ukikwama yeye anakuona. Jioni, madumu yakishakuwa matupu na yakishasuuzwa, alichukua msumari wa nchi sita na jiwe, akayatoboa yote matakoni, moja baada ya jingine, ili pasiwe na mtu wa kuyabeba nyumbani kuwekea maji.

Mimi nilimjua kwa ubaya. Wakati huo nilikuwa napalilia kwenye shamba hilo hilo, mwanangu ana miezi mitano mgongoni. Asubuhi moja msimamizi alitwambia dawa ya jana imeshakauka, tuingie. Nilikuwa wa kwanza kuinamisha jembe. Bwana Kamusi alikuja mbio kutoka upande wa pili na lebo mkononi, akanisomea kwamba mtu haruhusiwi kuingia hapo mpaka siku kadhaa zipite, na akanitaka niyarudishe kwa Kiiraqw. Nilimwambia aniache, mimi nimemaliza kidato cha nne, kusoma najua. Akasema vizuri, basi rudisha. Nikarudisha huku nimenuna: mtu asiingie.

"Na mtoto?" akaniuliza.

"Mtoto hajaandikwa."

"Mama, wewe ukiingia na yeye ameingia. Yeye ndiye mwenye pua ndogo."

Nilitoka. Nilimtukana njiani, maana siku hiyo kibarua changu kilikwenda na maji. Wenzangu wawili waliobaki ndani walitapika kabla ya mchana. Sikuwahi kumwomba radhi kwa yale matusi. Nilianza tu kumsalimia kwa heshima, naye alinielewa.

Sasa niwaulize ninyi mnaokaa Karatu mjini. Kiingereza hapa si kimejaa? Muuza vinyago wa barabarani anakisema. Dereva anayepeleka wageni kwenye geti la hifadhi anakisema, mhudumu wa lodge anamwita mgeni kwa jina la chumba chake. Mtoto wa darasa la pili akiona gari la watalii anapunga mkono na maneno matatu anayo. Hapa tumetafsiri hadi majina ya supu, ili mgeni asije akala kitu asichokitegemea akaumwa tumbo siku ya kushuka Kreta kuona wanyama. Mgeni akitaka kujua jani hili linaitwaje, kuna mtu analipwa kumjibu. Lakini maandishi ya dumu linalobebwa mgongoni na mtu wa Dodoma asiyevaa glavu, hayo hakuna aliyeona haja ya kuyatafsiri, mpaka kibarua mwenye miwani ya mguu mmoja alipojipa kazi hiyo bila kuombwa. Mnaniambia lebo ipo, imebandikwa. Ipo kwa ajili ya nani?

Mwaka jana alikuja msimamizi mwingine. Akatazama saa yake, akaona kusomewa na kurudisha kunakula karibu nusu saa ya asubuhi. Akasema hapa si shule. Bwana Kamusi aliondolewa kwenye kikosi, akapelekwa kulinda kitalu cha miche, na msumari wake ukaenda naye. Kuanzia hapo madumu hayakutobolewa tena. Yalitoka kwa geti la nyuma, lebo zimekwanguliwa, yakaonekana gulioni yamepangwa safi kama madumu mengine. Asubuhi moja mimi nilinunua moja la lita tano. Aliyeniuzia alisema lilikuwa la sabuni ya maji, nisuuze mara moja tu. Nikasuuza mara moja. Harufu niliisikia, nikajiambia ni sabuni, nikalijaza maji ya kunywa.

Mchana huo mzee alikuwa akipita kutoka kitaluni, ametembea na jua lote kichwani, akasimama mlangoni kunisalimia. Nilimkaribisha kiti. Mwanangu, ambaye sasa ana miaka mitatu, alikuwa ameshika kikombe chake cha plastiki akisubiri maji, lakini nimemfundisha kwamba mgeni kwanza. Nikajaza jagi kutoka kwenye dumu lile, nikamimina kwenye kikombe cha bati, nikampa mgeni kwa mikono miwili. Nanyi mnajua tulivyolelewa. Maji ya mwenyeji huyanusi. Huulizi yametoka wapi. Unakunywa mpaka chini, unashukuru, ndipo unaongea. Mtu aliyeuliza kila neno maisha yake yote, siku hiyo hakuuliza, kwa sababu alikuwa na adabu. Alimaliza kikombe. Kisha akauzungusha ulimi mdomoni kama mtu anayetafuta neno.

"Mama, haya maji umeyaweka kwenye nini?"

Nikamwonyesha. Aliligeuza dumu, akapitisha kidole pale palipokwanguliwa. Nilikuwa nimeshageuka kummiminia mtoto kutoka kwenye jagi. Akanipiga mkono, kikombe cha plastiki kikaruka hadi kwenye majivu, na mtoto akaanza kulia.

"Toboa," akasema. "Toboa kwanza, ndiyo twende."

Nikamwambia twende hospitali, dumu litangoja. Hakuinuka. Nikachukua panga nikalichoma dumu matakoni, mara moja, maji yakamwagika sakafuni, na ndipo alipokubali kusimama. Zile dakika ninazihesabu hadi leo na sijui zilikuwa ngapi. Tulimweka kwenye bodaboda katikati, dereva mbele, mimi nyuma nimemshika, na mtoto nikamwacha kwa jirani. Kabla ya kufika lami jasho lake lilikuwa limelowesha gauni langu, na mate yalikuwa yanamtoka asiweze kuyameza. Daktari alitupokea vizuri, sina neno baya kwake. Aliuliza swali moja: ni dawa gani? Nilikuwa nimelibeba lile dumu. Alilizungusha mara tatu akitafuta maandishi. Mzee alikuwa anamtazama, na nadhani jina alikuwa nalo kichwani, maana hakuna dawa ya shamba lile ambayo hakuwahi kuisoma. Ila sauti ilikuwa imeshakatika. Walimpa walichoweza kukisia. Alikufa kabla ya jua kuzama.

Kaunta buku lake ndugu zake wameniachia. Nimelisoma lote. Neno la mwisho alilokuwa akilifanyia kazi ni "keep": kutunza, kuweka, kuendelea, kukaa mbali. Hapo kwenye kukaa mbali amepiga mstari mara mbili, akaandika pembeni kwamba kwa neno hili mtu asipewe maana moja akaondoka nayo, asomewe sentensi yote, na aulizwe. Sina la kuongeza kwenye mafundisho yake zaidi ya kuwaambia ninyi mnaojua kusoma kwamba mnadaiwa kazi hiyo na wasiojua, na kwamba msumari wa nchi sita unapatikana duka lolote. Kwangu mimi nimebadilisha jambo moja. Mwanangu sasa, akipewa maji nyumbani kwa watu, anaulizia kwanza chombo, kwa sauti, mbele ya mwenyeji. Jumapili aliuliza kwa mama mmoja wa kanisani, na yule mama akaniambia usoni kwamba mtoto wangu hana adabu. Nimemjibu kwamba ni kweli hana. Ndiyo maana bado ninaye.