Nimepiga hodi ku mulango yangu mwenyewe

Leo asubui nimepiga hodi ku mulango yangu mwenyewe, na haikuwa kwangu.

Musicheke kwanza.

Ile mulango niliitengeneza mimi, na hii mikono. Mbao nzito ya libuyu. Mutaa yetu yote, kartie ya Keshero, hakuna fundi wa kunifikia, hata na uzee huu.

Jirani yangu Papa Musafiri ananidai. Sikatai. Lakini siku nilienda kilio Mugunga, aliing'oa, akaipachika ku nyumba yake. Bila kupita ku tribinali, mbele ya muamuzi! Kwangu sasa tunaziba na kikwembe, kitenge ya bibi yangu.

Njo nikamushitaki kwa shefu wa kartie. Leo shefu akanipa konvokasyo, karatasi ya kumuita Papa Musafiri: «Muzee, mupelekee weye mwenyewe.»

Nikafika. Mulango inang'aa! Ameipakala mafuta. Wapita njia wanasema, «Papa Musafiri iko na mulango ya patro, ya mutu tajiri.»

Roho ikaniwaka.

Akafungua, anacheka. «Karibu, muzee. Funga tu polepole, haizoee kelele.»

Haizoee! Kwangu ililia miaka yote, kila ukiifungua. Mimi nilikuwa naambia watu: mbao ya nguvu njo inalia. Kwake imenyamaza kama mutoto aliyeshiba.

Akasoma karatasi: mulango irudi kwanza, deni tutaisemea mbele ya shefu.

«Sawa, muzee. Kesho nitakuletea.»

Hata hakugomba! Nilikuwa nimetayarisha maneno mengi.

Nikatoka, nikaibamiza na nguvu yote, ilie, kartie yote isikie.

Haikulia.

Sasa muniambie nyinyi: kesho ikifika kwangu ikaanza kulia, nitamushitaki nani?