Gauni la Mama Juu ya Hando

Mwaka nilioolewa, mama yangu alikataa kuja harusini. Hakugombana na mtu. Alisema tu kwamba ataniombea huko huko kwetu Ganze. Sababu niliijua. Siku ya posa, shangazi mmoja wa mchumba wangu, mtu wa mjini Malindi, aliitazama hando ya mama, ile sketi ya marinda mengi inayotunisha nyonga, akacheka huku ameziba mdomo kwa kiganja. Mama alimwona. Nami nilimwona, na afadhali niseme ukweli: badala ya kukasirika, niliona haya.

Siku zile duka moja la nguo karibu na soko la Malindi, ambalo miaka yote liliwauzia wasichana vinguo vya kubana, lilikuwa limefungua chumba kipya cha kina mama watu wazima. Kilikuwa na benchi la kukalia, pazia, kioo cha kufika miguuni na magauni mapana ya mikono mirefu. Muuzaji wake alikuwa bibi wa makamo, mwenyeji wa mjini, si kijana wa kumkodolea macho mzazi wa mtu. Nikajiambia, mama akipata gauni pale, maneno yamekwisha.

Nilikwenda Ganze na uzi. Nilimpima mama uani akipepeta mahindi, hata ungo hakuuweka chini. Nikafunga fundo moja la kifua na jingine la nyonga, juu ya hando yake.

Dukani, yule bibi aliunyoosha uzi juu ya meza, akautazama, kisha akanitazama mimi.

"Mamako avaa hando?"

"Ndiyo, lakini siku ya harusi ataivua."

"Amekwambia yeye?"

Nilijifanya sikusikia. Nikachagua gauni la kijani, jembamba kuliko uzi ulivyotaka. Nilikuwa mbishi siku zile, na bado sijapona sana.

"Haya, mwanangu," akasema. "Ila huo uzi niachie."

Siku mbili kabla ya harusi mama alikubali kuja mjini kulijaribu, nadhani kwa kunionea huruma tu. Tulirudi nalo dukani, tukaingia nyuma ya pazia. Gauni lilipita mabegani, likapita kifuani, likafika kwenye hando likagoma. Nikavuta. Halikusogea.

"Mama, ivue hiyo hando. Siku moja tu."

Alilivua gauni, akalikunja vizuri, akanipa mkononi.

"Mwanangu, nimekuzaa na hando, nimekulea na hando. Nikienda kwa wakwe zako bila hando, atakuwa amekwenda nani? Wacha nirudi nyumbani kungali mapema."

Nilijua akitoka mle chumbani, harusini hatakuja tena, na wa kulaumiwa hatakuwa yule shangazi. Nitakuwa mimi.

Pazia likafunguka kidogo. Mkono wa yule bibi ukaingia na gauni jingine, la kijani kile kile.

"Shikamoo, mama. Hebu jaribu na hili."

"Marahaba."

Lilishuka mpaka miguuni bila kuvutwa, likatulia juu ya hando bila kubana popote. Mama alijitazama kiooni, akageuka kushoto, akageuka kulia, akatikisa nyonga kidogo kama yuko ngomani. Halafu akaniuliza, "Harusi yenyewe ni saa ngapi?"

Nilikaa kwenye lile benchi nikalia. Nilikuwa nimebana pumzi tangu siku ya posa, na sasa ndiyo kwanza napumua.

Tulipokuwa tunatoka, yule bibi alinirudishia uzi wangu, mafundo yake mawili yangalipo. Gauni lile la pili alikuwa amelichagua kwa uzi huo, akaliweka kando siku ile ile niliyoondoka na lile jembamba.

"Ulimpima sawasawa," akasema. "Ni wewe tu uliyeukataa uzi wako."

Siku ya harusi mama alikaa mstari wa mbele, na yule shangazi ilimbidi asogee mpaka ukingoni mwa benchi, ampishe na hando yake.