Matundu Manane ya Swichi

Ninapoikumbuka nyumba yetu ya Kilindoni, kitu cha kwanza kunijia ni taa ndogo za kijani zilizokuwa zikikonyezana juu ya rafu ya ukumbini. Mchana jua lilipopenya pazia la mlangoni zilififia, hata usizione. Alasiri zilirudi moja moja. Mama alizipenda. Alikuwa akipita na fagio lake anazisalimia, "Hamjambo huko," nami sikumcheka, maana nyuma ya taa mojawapo alikuwepo mtu kweli. Alikuwa dada yake.

Mama mkubwa aliishi Maskati tangu mimi sijazaliwa. Kila Ijumaa baada ya sala ya alasiri yeye na mama walionana kwenye kompyuta iliyokuwa chumbani kwa mama. Mama mkubwa alikuwa ameanza kusahau. Alisahau vitu kwanza, kisha njia, kisha watu, hata kwenye simu sauti peke yake ilimtia hofu. Lazima aone uso. Lakini uso wa mama alikuwa bado anaujua. Akiuona tu husema, "Mdogo wangu!" na mama, mtu mzima mwenye wajukuu, anainamisha kichwa kwa haya na kusema, "Shikamoo, dada." Kwa hiyo nilijipa kazi moja katika nyumba ile: Ijumaa alasiri, intaneti isikatike.

Haikuwa kazi nyepesi. Ilikuwa miaka ya hifadhi ya bahari, wageni wakija na kwenda, nasi tulipangisha vyumba viwili. Kimoja alikaa mwalimu kutoka bara, na kingine mtafiti wa potwe, wale papa wakubwa wenye madoa, ambaye akirudi kutoka baharini alituma picha zake zote kwa mpigo na nyumba nzima ikabanwa. Kuta zetu zilikuwa za mawe mazito, intaneti ya hewani haikupita. Basi nilitandaza waya hadi kila chumba, zote zikakutana ukumbini kwenye swichi, kisanduku cha kugawa intaneti chenye matundu manane.

Ile ya kwanza ilikuwa swichi ya kawaida. Unachomeka waya, inafanya kazi, haikuulizi wewe nani. Ijumaa moja mama akipangusa vumbi aliona ncha ya waya inaning'inia, kwa sababu nilikuwa nimechomeka upande mmoja nikauacha wa pili. Mama alizaliwa Juani, kisiwa cha ng'ambo ya kwetu, na kwao ncha ya kamba haiachwi ovyo chomboni. Anayeiona ndiye huifunga. Akaichukua akaichomeka kwenye tundu lililokuwa wazi. Waya ukawa umetoka kwenye swichi na kurudi kwenye swichi ile ile, mawasiliano yakazunguka humo humo mpaka yakasongamana, na nyumba nzima ikanyamaza. Nilihangaika nusu saa kabla sijauona.

"Mama, usiguse hivi vitu!" nilifoka. Hasira zangu ziko karibu, nalijua hilo.

"Nimefunga ncha tu, mwanangu. Ingemkwaza mtu."

Siku ile tulimpata mama mkubwa dakika za mwisho, tayari amechoka. Jumatatu nikaenda dukani kwa mzee wa Kihindi aliyeuza kila kitu, kuanzia bawaba hadi kompyuta. Aliniwekea swichi mbili juu ya kioo.

"Hii ya kawaida, binti, unachomeka unasahau. Hii nyingine unaiongoza mwenyewe. Unaiambia nani apite kwanza, nani angoje, nani asiingie kabisa. Nyumbani kuna wa kuiongoza?"

"Nipo mimi."

"Na usipokuwepo?"

Nikaona ananiharibia raha tu. Nikachukua ya kuongozwa.

Nilifurahi nayo siku mbili nzima. Niliizuia isidanganywe tena na waya unaojirudia. Nikaipa kompyuta ya mama njia ya kwanza, na potwe wa watu wangoje. Ningeishia hapo ingetosha. Lakini nilikuwa bado nimeudhika, nikataka mambo yakae ninavyotaka mimi, basi nikafundisha kila tundu likijue chombo chake kimoja tu. Likichomekwa chombo kigeni lijifunge, na lisifunguke mpaka nije nilifungue mimi. Mama sikumwambia. Niliona hayamhusu.

Ijumaa tatu zilizofuata zilikuwa tamu. Picha ilikuwa safi hata uzi wa mtandio wa mama mkubwa ulionekana. Walizungumza habari za kisima cha utotoni, nani alidondosha ndoo, nani alipigwa kwa ajili yake. Wakinyamaza, walitazamana tu. Mimi nilijilaza mkekani mlangoni, harufu ya udi ikinijia, nikasinzia nikisikia sauti zao zinakwenda na kurudi. Sikutaka kitu kingine duniani.

Ijumaa ya nne ofisi niliyofanyia kazi ilinituma Juani kutengeneza kompyuta ya shule. Wakati wa kurudi maji yalikuwa yamekupwa, boti imelala mchangani, tukangoja. Niliketi ukingoni nikiyatazama maji yakipanda taratibu juu ya majani ya baharini, nikiiwaza swichi yangu kule nyumbani inavyofanya kazi bila mimi. Nilijiona hodari sana.

Nilifika nyumbani magharibi inakaribia. Mama alikuwa ameketi ukumbini, kitambaa cha vumbi mapajani. Taa zote zilikuwa zimezimika. Alikuwa amesafisha kama kila Ijumaa: akachomoa waya zote, akapangusa kila tundu, akazirudisha kadiri mkono ulivyoziokota, maana siku zote tundu lolote lilifaa. Safari hii kila tundu lilimkuta mgeni, likajifunga. Alihamisha waya wake akajaribu yote manane.

"Nimepiga hodi kote," alisema. "Hakuna aliyenikaribisha."

Binti wa mama mkubwa alikuwa amempigia mama kwenye simu yake ya vitufe, isiyoonyesha sura. Siku ile mama mkubwa aliamka na akili zake zote. Aliketi mbele ya kompyuta saa nzima akiuliza mdogo wake yuko wapi, mbona hatokei.

Niliyafungua matundu kwa muda usiotosha kunywa kikombe cha chai, lakini Maskati mama mkubwa alikuwa ameshalala. Niliona aibu hata nikashindwa kusema samahani. Kesho yake nikairudisha swichi ya kawaida, nikafunga ncha zote.

Ijumaa iliyofuata mtafiti alikubali kungoja na picha zake, na picha ya Maskati ikaja safi. Mama alijisogeza mbele ya kamera, akatabasamu. Mama mkubwa alimtazama kwa upole, muda mrefu. Kisha akauvuta mtandio wake vizuri, akainamisha kichwa, kama tulivyofundwa sote tukiwa mbele ya mkubwa tusiyemjua.

"Shikamoo, bibi," alisema.

Mama alinigeukia mimi kwanza. Halafu akamrudia dada yake kwenye kioo, na kwa mara ya kwanza maishani mwake akamwitikia, "Marahaba."